Chumba Chenye Hewa ya Kutosha

Upepo alilamba kidole, akapaka mate kwenye shingo ya mashine pale mpira unapochomekwa, akainama kutazama. Hakuona povu.

"Haivuji," alisema.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo aliyevaa koti jeupe, ingawa hakuwa daktari wala nesi. Alichukua kitambaa akayafuta yale mate. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha kubwa ya miguu miwili, mmoja una kidonda, mwingine laini kama wa mtoto mchanga. Chini ya mmoja pameandikwa Kabla, chini ya mwingine Baada. Ungetazama vizuri ungeona mmoja ni wa kushoto na mwingine wa kulia. Lakini nani aliingia duka lile akiwa na moyo wa kutazama vizuri?

Juu ya meza zilikuwa mashine mbili, nyeupe na kijani.

"Hii nyeupe inataka mtungi wa oksijeni," alieleza muuzaji. "Unaunganisha hapa, umeme unaipiga ile oksijeni, inageuka kuwa ozoni, hewa inayoua vijidudu. Inatoka kidogo kidogo, kwa kipimo. Na hiki kikopo cha pembeni kinakula ile inayobaki, isizagae chumbani."

"Na ya kijani?"

"Ya kijani haihitaji mtungi. Inavuta hewa hii hii ya chumbani. Na nguvu yake ni mara nne."

Akaiwasha. Ikanguruma kama kompresa ndogo, na baada ya muda kidogo harufu ikawafikia, kali, ya kukwaruza pua, ile harufu inayobaki hewani radi ikipiga karibu. Macho ya Upepo yakalengwa na machozi. Akacheka kwa furaha.

"Lo! Hii imeshiba kweli kweli!"

Kaka yake, aliyekuwa amesimama nyuma na bahasha ya makaratasi kwapani, alikohoa mara mbili akatoka mlangoni akijifanya anapiga simu. Huyu nyumbani walimwita Bosi. Alikuwa karani, ana meza yake na muhuri wake, na hata alipokuwa anakula alikaa kama mtu anayesubiri kuletewa faili.

"Sasa niambie, mama," Upepo alisema. "Kwa nini nihangaike na mtungi wa upepo wakati upepo umejaa kila mahali? Upepo ni upepo."

Muuzaji alifungua mdomo. Tofauti aliijua, kwa sababu aliyemletea zile mashine alimweleza, tena mara mbili, na akamwonya juu ya ile ya kijani. Lakini ya kijani ilikuwa imekaa pale mezani tangu mvua za mwaka juzi, na huyu mtu alikuwa anaipapasa kama anapapasa mbuzi wake. Akafunga mdomo.

"Wewe ndiye fundi," alisema.

"Na kikopo cha kula masalio?"

"Hii haina."

"Bora isiwe nacho. Kitu kizuri kiliwe kwa nini?"

Hivyo ndivyo mashine ilivyochaguliwa. Haikuchukua hata muda wa kuziba pancha mbili.

Tuseme ukweli, maishani mwake Upepo hakuwahi kuachiwa achague kitu chochote. Alikuwa kitindamimba, mtu wa miaka arobaini na mbili anayetumwa bado kama ana kumi. Alifanya kazi ya kuziba pancha chini ya bati moja karibu na kituo cha mafuta: karai la maji, vyuma viwili vya kuvulia tairi, msasa, kopo la solusheni ya kubandikia, viraka, na kompresa ya kujazia upepo iliyokuwa ikikohoa kuliko wavuta tumbaku. Jina alipewa na wateja. "Upepo, nijazie!" "Upepo, la nyuma limelala!" Mikono yake ilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni yoyote, na kwa sababu ya weusi huo, kwenye vikao vya familia yeye alikuwa mtu wa kuleta viti. Alivileta, akavipanga, wakubwa wakakaa, naye akasimama kando ya mlango. Kama kiti kilipungua, kilipungua chake. Bosi alipenda kutania mbele ya wageni: "Huyu ndugu yetu anauza hewa. Na watu wananunua!" Wageni walicheka, na Upepo naye alicheka, maana ungefanya nini?

Kisha Mama akapata kidonda.

Kilianza kisiginoni, kidogo, kama alama ya kiatu. Mama alikuwa na kisukari, na kidonda kikakataa kupona, kikachimba, kikapanda. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, akaandika tarehe kwenye kadi, wiki tatu mbele. Mama akaipokea ile kadi, akaitia chini ya mto, akasema, "Nimekuja duniani na miguu miwili. Nitaondoka nayo yote." Dada yao, aliyekuwa anaishi na Mama na kumuuguza, ndiye aliyesikia habari za mashine ya ozoni, eti watu wanajitibu nayo nyumbani, kidonda kinafungwa ndani ya mfuko na kupulizwa mpaka kinakauka.

Kikaitwa kikao. Upepo akaleta viti. Bosi akatoa makaratasi aliyoyachapisha ofisini, akaanza kusoma kwa sauti ya mkutanoni, mpaka Mama alipoinua mkono kutoka kitandani.

"Mwacheni Upepo achague."

"Mama," Bosi alisema, "hii ni mashine ya tiba. Si pampu."

"Si inatoa upepo? Basi. Katika nyumba hii nani anajua mambo ya upepo kama si yeye?"

Bosi alikunja makaratasi yake. Halafu, labda kwa kejeli, labda kwa kuchoka tu, aliinuka akamsogezea mdogo wake kiti chake mwenyewe.

"Haya, fundi. Karibu ukae."

Upepo alikaa. Alikaa kwenye ukingo tu, kama mtu anayeogopa kukichafua kile kiti, lakini alikaa. Mama aliona. Aliwatazama wanawe, mmoja amekaa na mwingine amesimama, akageukia ukutani kuficha uso.

Siku mashine ilipofika nyumbani walikusanyika wote chumbani kwa Mama. Kijitabu cha maelezo kilikuwa kimejaa lugha za kigeni, ila ukurasa mmoja wa mwisho ulikuwa wa Kiswahili. Bosi akausoma. Mguu uloweshwe. Uingizwe mfukoni. Mfuko ufungwe vizuri. Dakika ishirini. Na hapo mwisho kabisa, mstari mmoja peke yake: "Itumike katika chumba chenye hewa ya kutosha."

"Maana yake nini?" Dada aliuliza.

Wote wakamtazama Upepo, hata Bosi mwenye vyeti ukutani. Upepo akahisi joto likimpanda masikioni. Angeweza kusema sijui. Lakini tangu lini fundi akasema hajui?

"Ipo wazi hiyo," alisema. "Hewa ya mashine isipotee. Chumba kijae hewa ya kutosha, na isitoke. Ikivuja ni kazi bure."

Bosi alikunja uso kidogo. Maneno kama yale aliwahi kuyaona kwenye kopo la rangi alipopaka sebule yake, na pale yalimaanisha fungua madirisha. Alijua. Kwa kitambo kifupi alijua kabisa, na neno lilimfika mdomoni. Simu yake ikalia mfukoni.

"Mwulizeni fundi, ndiye anayejua," alisema, akatoka nje kuipokea.

Upepo alifanya kazi siku ile kama hajawahi kufanya kazi. Alileta tyubu kuukuu kutoka kibandani, zile za lori zenye mpira mnene, akazipasua kwa wembe zikawa mikanda. Akapiga msasa fremu za dirisha, akapaka solusheni, akangoja ikauke kiasi, akabandika mpira kuzunguka vioo vyote, akabonyeza kwa kidole gumba inchi kwa inchi. Tundu la ufunguo alilitia kiraka cha baiskeli. Chini ya mlango akapigilia mkanda mpana unaoburuza sakafu. Alipomaliza alichoma kitambaa kidogo, akauzungusha moshi wake kwenye kila ufa. Moshi ulikaa palepale. Chumba hakikuwa na pancha hata moja, na nakwambia, hakuna fundi mjini mle ambaye angeziba vizuri zaidi.

Mpira wa mashine ulikuwa mfupi, akauunganisha na wa kompresa. Mfuko wa mguu akaufunga pajani kwa mkanda wa tyubu, akaukaza mpaka Mama akaguna.

"Samahani, Mama. Ukilegea unavuja."

"Kaza, mwanangu. Kaza tu."

Mwisho alifunga kengele ya baiskeli kwenye chuma cha kitanda, karibu na mkono wake.

"Sisi tutakaa nje, muuzaji amesema mgonjwa abaki peke yake na mashine. Ukiona lolote, piga hii. Mara moja tu, nami nitakuwa nimeshafika."

Mama akaipiga kwa majaribio. Kriing. Wote wakacheka. Alicheka hata Mama, na hiyo ndiyo mara pekee kengele ile ililia.

Siku ya kwanza, Upepo alikaa sebuleni dakika ishirini akiwa ametega sikio. Kutoka chumbani ulisikika mngurumo wa mashine tu. Alipofungua mlango harufu ilimpiga usoni mpaka akarudi hatua moja nyuma. Mama alikuwa amelala akitazama dari, macho mekundu, upande wa shuka mdomoni.

"Vipi, Mama?"

"Ina nguvu," Mama alisema. "Ina nguvu kweli. Umechagua vizuri."

Siku ya tatu akaanza kukohoa. Upepo akampigia muuzaji simu.

"Uchafu unatoka huo," muuzaji alisema. Kwa nyuma palisikika mngurumo, alikuwa anaonyesha mtu mwingine mashine. "Mwili unajisafisha. Ongezeni muda."

Wakaongeza. Ishirini zikawa arobaini.

Siku ya tano, kingo za kidonda zilikuwa zimekauka. Usiniulize kama ni mashine, au ni dawa ya hospitali aliyokuwa anaendelea kuinywa, au ni vile Dada alivyokuwa akikisafisha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Zilikauka. Dada alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Bosi alikuja na wenzake wawili wa ofisini, akawaonyesha mguu, akawaonyesha mashine, kisha akamshika Upepo bega. "Huyu ndiye fundi mwenyewe," aliwaambia. "Mdogo wangu." Wale wenzake wakampa mkono, na hakuna aliyejifuta baadaye.

Kibandani pia habari zilikuwa zimefika. "Daktari Upepo!" dereva mmoja alipaza sauti. "Huyu mgonjwa wangu wa nyuma analala kila siku, mlaze wodini!" Upepo alijibu kwa maringo kwamba wagonjwa waje kwa foleni. Alikuwa anapiga mluzi akizamisha tyubu kwenye karai na kutafuta mapovu. Aliwaambia wote kwamba siri ni moja tu, kuziba. Watu hawajui kuziba. Wananunua mashine halafu wanaacha dirisha wazi, sasa huo si wendawazimu?

Siku ya nane Mama hakuweza kulala chali. Alikaa ameegemea mito mitatu, na akisema neno anatua, anavuta pumzi, anasema la pili. Dada alimvuta Upepo jikoni.

"Mdogo wangu, tumpumzishe hata siku mbili. Usiku kucha anahema. Nikiwa mlangoni tu mimi mwenyewe kifua kinaniwasha."

"Kwa hiyo unataka mguu ukatwe."

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Umeona kingo zimekauka au hujaona? Tumefika hapa halafu unataka kuitoboa kazi? Mimi nikianza kazi naimaliza. Miaka yote mmeniona mjinga, leo kazi yangu inaonekana, roho inawauma!"

Hakuwahi kusema na dada yake hivyo. Dada alimtazama kama anamwona mtu mwingine amevaa shati la ndugu yake. Kutoka chumbani ikaja sauti ya Mama, ya kukwaruza, neno moja moja.

"Mwache. Mwanangu. Afanye. Kazi yake."

Siku ya kumi ndiyo ilikuwa tarehe ya kadi. Asubuhi Dada aliitoa kadi chini ya mto akaishika, akawatazama. Mama akatikisa kichwa. Hospitali hawakwenda. Mchana Upepo alifunga mkanda, akawasha mashine, akatoka na kubana mlango. Dakika arobaini na tano.

Siku ya kumi na moja aliuvuta mkanda aukaze pajani, ukakatika mkononi mwake.

Mwanzoni aliudhika tu, akageuka kutafuta mwingine. Kisha vidole vyake, vilivyojua mpira kuliko vilivyojua kitu kingine chochote duniani, vikamwambia arudi. Akaukunja ule mkanda. Nyufa ndogo ndogo zikafunguka upande mzima, mamia, zimelala sambamba, za kina. Nyufa hizi alizijua. Ni za tairi lililotupwa juani miaka kumi, ambalo mteja anakuletea ukamwambia hili limekufa, bwana, usinipotezee muda. Lakini mkanda huu ulikuwa mzima. Aliukata mwenyewe wiki iliyopita. Na chumba kile hakikuwa na jua.

Alikwenda dirishani, akaugusa mpira aliobandika kwenye fremu. Ukamvunjikia kidoleni. Akaufuata mpira aliouunganisha kutoka kwenye mashine, akaupinda: ulikuwa umepasuka kila mahali, unapumulia chumbani kwa midomo mia. Hewa ya mashine ilikuwa inaufikia mguu kidogo, na nyingine yote ilikuwa inajaa humu ndani, na humu ndani yeye alikuwa ameziba kila tundu.

Tyubu ya lori, alifikiri. Inabeba tani kumi. Imekula tyubu ya lori kwa siku kumi na moja.

Akageuka kumtazama Mama. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Alivunja kioo kwa kiwiko. Alimaliza na cha pili, na cha tatu, damu ikimchuruzika mkononi, huku Dada akiingia mbio na kupiga yowe, akidhani ndugu yake ameingiwa na wazimu.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya usingizi, yule yule aliyeandika kadi. Alisikiliza kifua cha Mama, akasikiliza maelezo ya Upepo, akamwambia arudie.

"Mlikuwa mnamfungia ndani?"

"Hewa isipotee," Upepo alisema.

Daktari alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. "Mguu ningemkatia," alisema, "angerudi kwenu kwa magongo, awatume na kuwagombeza miaka mingine kumi. Mapafu nayakatia wapi? Hiyo hewa kazi yake ni kuunguza, haijui hiki ni kidonda na hiki ni kifua. Nani alichagua hiyo mashine?"

Bosi alikuwa ameshawakuta ukumbini, ametoka ofisini na bahasha yake kwapani. Akasema kwa upole, kama anayesaidia, "Ni huyu mdogo wetu."

"Kijitabu ulisoma wewe," Upepo alimwambia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kuhusu chumba. Ulisoma wewe mwenyewe."

"Nilisoma. Kusoma si kuchagua." Bosi alirekebisha tai yake. "Na maana tulikuuliza wewe. Au nimekosea? Dada, tulimwuliza au hatukumwuliza?"

Dada alikuwa analia. Bosi akakaa kwenye benchi, akaweka bahasha kwenye nafasi iliyobaki kando yake. Upepo akaingia wodini.

Mama alikuwa amekalishwa, kinyago cha plastiki usoni. Mrija ulitoka kwenye kinyago ukaenda mpaka chupa ndogo ya maji iliyoning'inia ukutani, na ndani ya ile chupa mapovu yalikuwa yanapanda bila kukoma. Upepo aliyaona mapovu yale, mkono wake ukaenda wenyewe. Akakishika kifuniko cha chupa akakizungusha akikaze.

"We baba, acha!" Nesi aliruka kutoka kitanda cha pili akampiga mkono. "Unataka kumuua?"

"Inavuja."

"Haivuji! Oksijeni inapita kwenye maji isimkaushe koo. Ukiona mapovu ujue inakwenda. Yakikosekana ndiyo uniite."

Basi akakaa kwenye kiti kando ya kitanda akiyatazama. Maisha yake yote aliyatafuta mapovu ili ayamalize.

Alasiri Mama alifungua macho. Akakisogeza kinyago kidogo.

"Kile kitu," alisema, "kilikuwa kinachoma."

"Tangu lini, Mama?"

"Siku ya kwanza."

"Na kengele?" Upepo aliinama mpaka paji la uso wake likagusa shuka. "Kengele nilikufungia ya nini, Mama? Si ungepiga! Mara moja tu, si ningefika? Mbona hukusema?"

Mama alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine.

"Kaka yako," alisema, "alikuwa amekupa kiti."

Akakirudisha kinyago mwenyewe, akakilaza vizuri juu ya pua, akafumba macho. Mkono wake ukabaki juu ya kichwa cha mwanawe, juu ya nywele zenye vumbi la barabarani.

Upepo hakujua ni saa ngapi mkono ule ulipoacha kuwa na uzito wa mkono wa mtu. Nje magari yalikuwa yanapita. Wodini mtu alikuwa anaomba chai. Nesi alikuja, akaweka vidole kwenye shingo ya Mama, akatazama saa yake, akaweka tena. Akakivua kinyago taratibu, akakiacha kikining'inia kandoni mwa kitanda, kikipuliza. Kitanda cha pili mgonjwa akaanza kutapika.

"Baba, pole sana," nesi alisema, tayari amegeuka. "Nifungie oksijeni hapo ukutani, hicho kifungo cha kijani. Zungusha kulia."

Upepo alisimama. Alikishika kile cha kijani, na hakukizungusha. Ndani ya chupa mapovu yalikuwa yanapanda yale yale, yanapasuka, mengine yanafuata. Akakiachia. Akalamba kidole, akakipitisha chini ya pua ya mama yake, akainama kutazama.